Maji, Upepo na Sauti ya Aila

Mji wa Pieksämäki ulizaliwa na reli, na kwa miaka mingi reli hiyo ilikuwa na sauti moja: sauti ya Aila Kuosmanen. Ndiye aliyewatangazia abiria kwamba treni ya Kuopio inaingia njia ya pili, kwamba ya Helsinki imecheleweshwa na theluji, kwamba mtoto mwenye kofia nyekundu anamngoja mama yake ofisini kwa mkuu wa stesheni. Kazi hiyo hakuisomea. Aliingia stesheni akiwa msichana wa kufagia ukumbi wa abiria, na siku moja ya baridi kali mtangazaji alipokauka koo, mkuu wa stesheni alitoka nje akauliza nani hapa anaweza kusoma bila kugugumia. Aila akauegemeza ufagio ukutani. Hakuushika tena.

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya taratibu, isiyo na haraka hata pale treni ilipokuwa na haraka. Watu waliijua kuliko sura yake. Alipokwenda dukani kununua samaki na kusema tu, "Nusu kilo, tafadhali," wateja waligeuka na mabegi yao kana kwamba wameambiwa wapande.

Kisha zikaja sauti za mashine. Matangazo yakawa yanatoka mbali, maneno yameungwaungwa kama nguo ya viraka, na Aila akahamishiwa kwenye dirisha la tiketi. Dirisha nalo likafungwa. Akaenda kupika katika jiko la shule, akakaa huko mpaka alipostaafu. Hakulalamika hata siku moja. Lakini mumewe, Reino, aliyekuwa fundi wa injini za treni katika karakana ya mji huohuo, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: mkewe alikuwa amepunguza kusema. Waliweza kunywa kahawa asubuhi nzima asitoe neno ila "sukari" na "mvua".

Ndiyo maana binti yao, Outi, aliposikia kwamba kampuni moja ya vitabu vya kusikiliza huko Helsinki inatafuta msomaji mwenye sauti ya mtu mzima, ambaye angerekodi akiwa nyumbani kwake, hakumwuliza mama yake kama anataka. Alimwandikisha kwanza, kisha akampigia simu. Outi alikuwa mchoraji wa majengo, na alipohamia Rotterdam kikazi aliwaachia wazazi wake kompyuta yake kubwa ya kuchorea, pamoja na maikrofoni ya zamani.

"Soma kurasa chache tu, mama," alisema. "Wakikukataa, umepoteza nini?"

Aila alisoma, akatuma. Baada ya siku chache simu iliita, na mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Saara Lindroos, msimamizi wa wasomaji, alianza kusema hata kabla ya salamu kwisha.

"Aila, sauti yako naitaka. Naitaka sana. Lakini hebu niambie, kuna nini nyuma yako? Kuna mtu anakausha nywele?"

"Ni kompyuta," Aila alisema kwa aibu.

"Basi mnyamazishe huyo kompyuta. Nina nafasi moja, na wasomaji wawili wa kuchagua. Wewe na mwingine. Nitumie sura nzima ya kwanza, iwe safi, kabla ya sikukuu ya Juhannus. Baada ya hapo sisi sote tunakwenda kwenye vibanda vyetu vya ziwani, na nafasi itakuwa imekwenda kwa huyo mwingine. Mimi sipendi iende kwa huyo mwingine."

Aila aliiweka simu mezani polepole. Reino, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti, aliona mashavu ya mkewe yamepata rangi.

"Wanasemaje, mama?" aliuliza. Alizoea kumwita mama tangu Outi alipozaliwa.

"Wanasema sauti wanaitaka. Feni hawaitaki."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kompyuta ile ilikuwa na prosesa ya nguvu, kibonge kisichozidi ukubwa wa stempu, ambacho ndicho kinachofikiri kwa niaba ya mashine nzima. Juu yake kilikaa kifeni kidogo cha kiwandani. Aila akiwa kimya, kifeni nacho kilinong'ona. Aila akianza kusoma, kiliamka. Ubaya ni kwamba Outi alikuwa ameweka programu ya kuondoa kelele papo hapo mtu anaporekodi, na programu hiyo ilikuwa inaitumikisha prosesa kama punda. Prosesa ikapata moto, feni ikavuma, programu ikajitahidi zaidi kuondoa uvumi wa feni, prosesa ikazidi moto. Kwa kifupi, dawa ndiyo iliyokuwa inaleta ugonjwa. Wakiizima programu, feni ilitulia kidogo, lakini ndipo friji, saa ya ukutani na magari ya barabarani vyote vilipoingia kwenye rekodi kama wageni wasioalikwa.

Reino alizunguka chumba akipima kwa macho. Kisha akafungua mlango mdogo ulio kando ya bafu.

Nyumba yao ilikuwa na sauna ndogo ya ndani, chumba cha mbao cha kuogea kwa mvuke wa moto, na kama majirani zao wengi walivyofanya, wao walikuwa wameigeuza stoo. Jumamosi waliteremka kwenye sauna kubwa ya jengo, wakati wa zamu yao, pamoja na taulo na soda. Hii ya ndani ilikuwa imejaa makoti ya majira ya baridi, mablanketi na mbao za kuteleza thelujini. Jiko lake la mawe Reino alikwisha kulikata umeme zamani.

"Tazama ukuta ulivyo mnene," alisema akiugonga. "Tunaiweka kompyuta humu, tunafunga mlango, nyaya zinapita chini. Wewe unakaa sebuleni na maikrofoni yako kama malkia."

"Na kompyuta haitaona joto?"

"Joto gani? Jiko limezimwa."

Hilo lilikuwa kosa ambalo, nadhani, lisingeweza kufanywa na watu wengine isipokuwa wale wenye sauna ndani ya nyumba na walioizoea kiasi cha kutoiona tena. Siku ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri mpaka katikati ya sura. Aila alikuwa amefika pale msichana wa kwenye kitabu anapofungua barua, skrini ikawa nyeusi. Akawasha tena. Akasoma tena. Skrini ikazimika palepale msichana alipogusa bahasha.

"Hataki kuisoma hiyo barua," Reino alisema.

"Reino, si wakati wa mzaha."

Alipofungua mlango wa sauna alipigwa usoni na hewa moto yenye harufu ya sufu na plastiki. Akaufunga haraka, kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni.

"Prosesa ndiyo dhaifu," alitangaza. "Inapozwa kwa upepo! Mama, mimi nimefungua injini zaidi ya nywele ulizo nazo kichwani. Injini ya maana inapozwa kwa maji. Pampu, mipira, rejeta. Upepo ni wa pikipiki."

Duka la kompyuta la mji lilikuwa la Jouko Asikainen, mwanamume mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Jouko alikuwa mtu wa Savo hasa, mkoa wa mji huo, na huko Savo ukimwuliza mtu saa ngapi, atataka kwanza kujua unakwenda wapi. Reino naye alikuwa wa hukohuko, lakini miaka ya karakana ilikuwa imemfundisha kupiga kelele.

"Jouko, nipe jibu moja. Kupoza prosesa kwa maji kunafaa au hakufai?"

Jouko alivaa miwani, akaivua. "Kunaweza kufaa," alisema. "Au kusifae. Kuna watu kumewafaa, kuna watu hakukuwafaa, na kuna watu mpaka leo hawajajua."

"Usinizungushe, bwana! Mimi pia ni wa hapa."

"Sikuzungushi. Wewe ndiye unazunguka kaunta yangu tangu ulipoingia." Jouko alimtazama Aila, akatabasamu. "Mashine ni moto?"

"Moto kabisa," Reino alidakia.

"Mmeiweka wapi?"

Aila alifungua kinywa, lakini Reino alimtangulia. Kuna mambo ambayo fundi hawezi kumwambia fundi mwenzake. "Chumbani," alisema.

"Chumbani. Haya." Jouko aliingia nyuma, akarudi na maboksi mawili. Katika la kwanza mlikuwa na rejeta ndefu nyeusi yenye feni mbili, mipira miwili ya maji, na kidude cha mviringo chenye pampu ndani yake cha kukaa juu ya prosesa. Vyote vilikuwa vimekwisha kujazwa maji na kuzibwa kiwandani. Katika la pili mlikuwa na mnara wa mabati membamba ya alumini yaliyopangwa kama kurasa, mirija ya shaba imepita katikati, na feni moja pana kama sahani. "Chukueni vyote. Mtakachokipenda kitabaki, kingine kitarudi."

"Hiki hatutakihitaji," Reino alisema akilinyooshea kidole boksi la mnara.

"Huenda," Jouko alisema.

Njiani Aila alilibeba boksi la mnara, Reino la maji, akilishika kwa mikono miwili kama keki ya harusi. Jioni yote aliishughulikia mashine akiwa amepiga magoti juu ya zulia. Alipaka ile dawa ya kijivu inayofanana na dawa ya meno katikati ya prosesa na chuma cha kupozea, akakaza skrubu kwa zamu, pembe hii kisha ile ya mkabala, kama alivyokuwa akikaza vifuniko vya injini. Aila alimtazama na, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, aliona raha kuwa mkewe.

"Sasa," Reino alisema, akaisukuma mashine ndani ya sauna, akafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata Aila alisoma. Msichana alifungua barua. Akaisoma barua. Reino, akiwa kwenye sofa, aliinua ngumi hewani bila sauti. Msichana alivaa koti, akatoka nje, akavuka daraja, na kabla hajafika upande wa pili skrini ikawa nyeusi.

Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ilikuwa imekaribia. Majirani walikwisha kuanza kupakia magari yao makaa ya kuchomea soseji na maboya ya watoto. Aila alivua spika za masikioni, akaziweka mezani kwa upole uliomtisha Reino kuliko kama angezitupa.

"Labda ni bora apate huyo mwingine," alisema. "Pengine ana nyumba ya kimya."

"Mama..."

"Mimi ni mwanamke wa matangazo, Reino. Njia ya kwanza, njia ya pili. Vitabu ni vya wengine."

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha vitu vimetapakaa, akaenda kuitoa mashine. Aliisukuma hadi kwenye zulia la ukumbini, akarudi ndani ya sauna kuokota nyaya, na joto lile lililokuwa limejikusanya likamchosha. Akaketi juu ya benchi, katikati ya koti lake la ngozi ya kondoo na mablanketi. Mlango ukajirudisha wenyewe, taratibu, ukafunga.

Alikuwa amekaa katika chumba ambacho mtu mmoja, zamani, alikijenga kwa lengo moja tu: kitu kilichomo kisitoke. Kuta zilikuwa za mbao laini, nyuma yake karatasi ya alumini inayong'aa, nyuma yake tena sufu nene. Aila hakusikia friji. Hakusikia saa. Hakusikia magari wala watoto wa ghorofa ya juu waliokuwa wakikimbia tangu alfajiri. Ndipo alipoelewa kwa nini mashine ilikuwa imezimika. Maji hayakuwa na kosa, na upepo pia haukuwa na kosa. Vyote viwili vilikuwa vimelitoa joto kwenye prosesa kwa uaminifu na kulimwaga ndani ya chumba hiki, na chumba hiki kikafanya kazi yake, kikalitunza.

"Jamani," alisema kwa sauti.

Akashtuka. Neno lilikuwa limetoka kavu, karibu, bila mwangwi, kana kwamba amejisemesha sikioni mwenyewe. Akajaribu tena. Alikumbuka mstari wa kwanza wa kitabu, ule wa ziwa na mashua iliyopinduliwa, akausema wote bila kutazama popote. Makoti yaliupokea na kuunyamazisha pembeni, ukabaki wenyewe tu, mzima, wa taratibu.

"Reino!" aliita.

Hakujibiwa. Aliita kwa nguvu zaidi. Kimya. Alipofungua mlango alimkuta Reino amesimama nje, umbali wa mkono.

"Umenisikia nikikuita?"

"Umeniita saa ngapi?"

Aila alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Tumekosea mahali pa kuweka vitu, mzee. Inayopiga kelele tumeifungia ndani, na anayetaka kimya tumemwacha nje. Mashine ikae sebuleni na hewa yake. Mimi ndiye wa kukaa humu."

Reino alitazama sauna, akatazama kompyuta, akamtazama mkewe, kisha akajipiga kofi la paja. "Tumpigie Jouko," alisema. Na baada ya muda: "Mpigie wewe."

Upande wa pili wa simu Jouko aliomba asimuliwe tena tangu mwanzo.

"Sauna," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Mliiweka kompyuta kwenye sauna."

"Jiko lilikuwa limezimwa," Reino alipaza sauti kutoka nyuma.

"Nakuja," Jouko alisema. "Hili nataka kuliona kwa macho."

Alikuja kwa baiskeli yake ikiwa na begi la vifaa, akapewa kahawa na kipande kinene cha mkate mweusi uliookwa na samaki ndani yake, na alipomaliza kucheka wakaanza kazi. Maikrofoni ilikwenda juu ya benchi la sauna, na skrini ndogo ikatundikwa palipokuwa pakitundikwa kata ya maji. Mashine ilirudi sebuleni karibu na dirisha. Ile programu ya kuondoa kelele Jouko aliizima.

"Haina kazi tena," alisema. "Kuta zinaifanya bure."

Lakini mlango wa sauna, kama milango yote ya sauna, ulikuwa na uwazi chini ili hewa ipite, na kupitia hapo sauti kidogo iliweza kupenya. Kwa hiyo Aila aliingia ndani, akavaa spika za masikioni, akafumba macho, na wanaume wawili wakaiwasha mashine ikiwa na rejeta yake ya maji.

"Unasikia nini, mama?" Reino aliuliza kwa kupaza sauti mlangoni.

"Nasikia mbu."

"Mbu gani?"

"Mmoja. Mwembamba. Hapumziki."

Reino aliinamisha sikio kwenye mashine. Masikio yake yalikuwa yameliwa na injini tangu ujana. "Mimi sisikii hata nzi."

"Ni pampu," Jouko alisema. "Feni za rejeta zinazunguka polepole, hazina neno. Lakini pampu inazunguka wakati wote, na maikrofoni ina masikio mabichi."

Jouko akafungua skrubu, akafuta ile dawa ya kijivu, akapaka mpya, akafunga mnara wa alumini na feni yake pana. Reino alisimama pembeni mikono mfukoni, kama jamaa wa mgonjwa.

"Haya, mama, sikiliza!" alipaza sauti.

Walisubiri.

"Basi washeni," Aila alijibu kutoka ndani.

"Imewashwa kitambo!"

Jouko alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hata hivyo Reino hakuwa mtu wa kukubali kushindwa bila maelezo.

"Kwa hiyo maji hayafai. Si ungesema dukani, tukamaliza!"

"Sikusema hayafai," Jouko alisema. "Maji ni mchukuzi, Reino. Yanalibeba joto hapa yanalipeleka pale, na hubeba mengi. Outi alipokuwa akiitumia mashine hii kuchora majengo kutwa, prosesa ikichemka bila kupumzika, maji yangemfaa, na mbu asingemsikia. Mashine hiyohiyo, mama akisoma, inafanya kazi ya kalamu tu. Mnara unamtosha, tena hauna pampu ya kufa wala mipira ya kuzeeka."

"Lakini dukani..."

"Dukani uliniambia ni moto. Hukuniambia ni moto wa nani, na uko wapi."

Ilikuwa mara ya kwanza Reino kumsikia Jouko Asikainen akitoa jibu lililonyooka, na alilipokea kwa heshima iliyostahili: alimkatia kipande kingine cha mkate. Rejeta aliifuta mwenyewe, akaikunja mipira yake taratibu, akairudisha kwenye boksi kama anayemlaza mtoto.

Siku ya kurekodi, Reino alitembea nyumba nzima kwa soksi. Alizima friji, akaitoa betri saa ya ukutani, akapanda ghorofani kuwaahidi watoto wa jirani aiskrimu iwapo wangeketi mpaka mchana. Kisha akaketi jikoni akitazama mlango wa sauna. Ndani, Aila alikunywa maji fundo moja, akavuta pumzi na kuanza.

Hakusoma kama alivyokuwa akitangaza. Alipokuwa stesheni sauti yake ilibidi ivuke ukumbi, ipande juu ya magurudumu na breki, imfikie mtu wa mwisho mwenye masanduku. Hapa ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumfikia, tena aliyekuwa karibu sana. Alipunguza. Aliacha maneno yakae. Msichana alifungua barua, akavuka daraja, akafika upande wa pili, akagonga mlango wa nyumba asiyoijua, na mlango ukafunguliwa. Aila alifika mwisho wa sura akashangaa kwamba machozi yalikuwa yamemtoka bila sauti yake kutetereka.

Wakatuma. Reino akakumbuka friji baadaye sana, pamoja na ile aiskrimu iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, na watoto wa jirani wakanywa deni lao kwa bakuli.

Saara Lindroos alipiga simu siku ya kuamkia Juhannus, wakati Reino alipokuwa akifunga matawi mabichi ya kupambia sikukuu juu ya gari kwa safari ya ziwani.

"Aila, uko studio gani?"

"Sauna," Aila alisema.

"Unaoga? Nipige baadaye?"

"Hapana. Ndimo ninamosomea."

Kicheko cha Saara kikajaa chumba kizima. "Mwenzako mmoja anasoma ndani ya kabati la nguo," alisema, "na mwingine chini ya blanketi, huko Vaasa. Lakini sauna! Sikiliza. Nafasi ni yako. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili, nilipokuwa nasikiliza daraja, nilisahau kwamba niko kazini. Kitabu ni kinene, unajua?"

"Najua," Aila alisema. "Nina muda."

Alipoiweka simu alitoka nje kwa viatu vya ndani, akavuka uwanja, akamshika Reino mkono wenye kamba.

Baada ya likizo kazi ilianza rasmi. Kila asubuhi Aila aliingia saunani na kitabu chake, na kila baada ya kitambo alitoka amewiva uso, nywele zimemganda kwenye paji, kwa kuwa chumba kile kilitunza joto la mtu kama kilivyotunza la mashine. Reino alikuwa akimngoja na bilauri ya maziwa mgando yaliyotoka kwenye friji.

"Prosesa inasemaje?" Aila aliuliza akijipepea kwa kitambaa.

"Iko baridi kama samaki. Inapumua tu."

"Heri yake."

"Mimi nasema hivi, mama. Tumempoza asiye mgonjwa. Ile rejeta kwa Jouko bado ipo, mipira inafika, naweza kukufungia mabegani..."

"Thubutu." Aila alikunywa, akafuta midomo. "Na usinicheleweshe. Kuna mtu ametoweka kwenye ukurasa uliopita, na mimi peke yangu ndiye ninayeweza kumtafuta."

"Nani ametoweka?"

"Mwenye nyumba ng'ambo ya daraja."

"Yule aliyefungua mlango? Mbona hukuniambia!"

"Nitakuambia wakati wa kula."

Mlango ulifungwa. Reino alibaki ukumbini na bilauri tupu, bila kusikia hata herufi moja kutoka ndani. Akaenda kumenya viazi. Alimenya vingi kuliko wanavyokula watu wawili, kwa sababu alijua chakula kingechukua muda: Aila angemsimulia sura nzima, na sauti ya mwenye nyumba, na ya msichana, na hata ya mbwa, mpaka supu ipoe.